Somo la slaidi 32, dakika 41 za sauti na feni inayovuma: uhariri uanzie wapi?

Swali: "Habari za kazi, mtaalamu. Mimi ni mkufunzi wa chuo cha uuguzi. Nimeandaa somo la PowerPoint lenye slaidi 32 kuhusu kuhara na upungufu wa maji mwilini kwa watoto, ili wanafunzi walisome wenyewe wakiwa kwenye mafunzo kwa vitendo. Maelezo nimeyarekodi kwa kompyuta, nusu yake siku moja na nusu nyingine wiki iliyofuata, nikapata faili moja la WAV la dakika 41, uzito wake MB 434. Feni inasikika mwanzo hadi mwisho, nusu ya pili sauti iko chini, na slaidi tatu za mwisho zimeingiliwa na mvua juu ya mabati. Kila nikiliweka kwenye PowerPoint maneno hayaendi sambamba na slaidi. Nianzie wapi? Nimeshauriwa pia niweke muziki laini chini ya sauti ili wasichoke. Unasemaje?"

Jibu:

Mwalimu, habari ni njema, na hongera kwa kazi uliyokwisha kuifanya. Nitakujibu kwa kirefu kwa sababu shida hii huwapata karibu wote wanaotengeneza masomo ya slaidi kwa mara ya kwanza, na wengi hukimbilia kupambana na feni kwanza. Feni tutaifikia. Shida yako kubwa ni kwamba una sauti moja ndefu na slaidi 32.

Ukiweka faili moja na kuliamuru licheze kupita slaidi zote, sauti inakwenda kwa saa yake na slaidi zinakwenda kwa saa yake. Hakuna kinachoifunga dakika ya 14 ya faili lako na slaidi ya 11. Mwanafunzi akirudi slaidi moja nyuma kutazama tena jedwali la dozi, sauti hairudi naye, inaendelea mbele. Akipigiwa simu katikati, akirejea hajui aliishia wapi. Kwa hiyo kanuni ninayoishikilia kwenye kazi hii ni moja: kila slaidi iwe na faili lake la sauti. Faida yake utaiona hata mwakani. Mwongozo wa matibabu ukibadilika, utarekodi upya sekunde hamsini za slaidi moja na kuacha nyingine 31 kama zilivyo. Mwenye faili moja la dakika 41 hurekodi upya somo zima, au, kama ninavyoona mara nyingi, hukata tamaa akawaachia wanafunzi maelezo yaliyopitwa na wakati. Kwenye uuguzi hilo si jambo dogo.

Usihariri ndani ya PowerPoint. Kifaa chake cha kukata, kilichoandikwa "Trim Audio", kinapunguza mwanzo na mwisho tu. Kikohozi kilichoko katikati hakiwezi kukitoa. Tumia Audacity. Ni programu ya bure iliyoanzia Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon kule Marekani, ikatolewa kwa umma mwaka 2000, na inafanya kazi kwenye Windows, Mac na Linux. Kwa sauti ya mtu mmoja anayefundisha, sioni sababu ya kununua kingine.

Kabla ya yote, nakili lile faili la WAV uliweke kando na usiliguse tena. Kisha fungua nakala na utazame mistari ya mawimbi. Nina hakika karibu kamili kwamba utaona mawimbi mawili, moja juu na moja chini, yanayofanana kabisa. Najua kutokana na uzito uliotaja: sampuli 44,100 kwa sekunde, baiti mbili kwa kila sampuli, mara njia mbili, ni baiti 176,400 kwa sekunde, na kwa dakika 41 zinafika MB 434. Ulirekodi kwa stereo kwa kutumia kipaza sauti kimoja, kwa hiyo upande wa kulia ni nakala ya upande wa kushoto. Igeuze kuwa mono, yaani njia moja. Uzito unashuka nusu papo hapo na hakuna chochote kilichopotea.

Sasa feni. Kinachosaidia ni kwamba mvumo wa feni haubadilikibadiliki, na kelele ya namna hiyo ndiyo programu inayoimudu. Unachagua sekunde moja au mbili ambapo feni inavuma peke yake, hujaongea wala hujavuta pumzi, na unaiambia programu kwamba hiyo ndiyo sura ya kelele. Kisha unachagua sauti yote na kuiagiza ipunguze. Angalia mambo mawili. La kwanza, nusu yako ya pili ilirekodiwa wiki nyingine. Huenda feni ilikuwa kwenye kasi tofauti au ulikaa mbali zaidi, kwa hiyo chukua sampuli ya kelele kutoka nusu hiyohiyo, usitumie ya nusu ya kwanza. La pili, usiwe na tamaa. Programu inakuruhusu kupunguza desibeli (kipimo cha nguvu ya sauti) nyingi, na mtu hushawishika kuvuta hadi feni ipotee kabisa. Inapotea kweli, ila sauti yako nayo inabaki kama ya mtu anayeongea ndani ya pipa la maji. Anza na desibeli 6, sikiliza, panda hadi 9, na 12 iwe mwisho. Mwanafunzi atavumilia mvumo hafifu wa feni kwa nusu saa bila kuutambua. Sauti iliyokwaruzwa itamchosha ndani ya dakika tano.

Baada ya hapo weka kichujio kinachokata masafa ya chini, yaani kila kilicho chini ya hezi 80 (mitikisiko 80 kwa sekunde). Kwa sauti ya kike unaweza kufika 100 bila wasiwasi. Chini ya hapo hakuna maneno, kuna mtikisiko wa meza, lori lililopita barabarani na upepo wa feni uliogonga kipaza sauti. Kama utasikia pia mlio mzito usiokoma, mara nyingi huo ni umeme. Umeme wetu ni wa hezi 50, kwa hiyo mlio wake hukaa kwenye 50, 100 na 150, na chaja ya kompyuta ndiyo huuleta mara kwa mara. Safari nyingine chomoa chaja, rekodi kwa betri.

Ukishamaliza kelele ndipo unaanza kukata, na hapa nataka tukae kidogo.

Sikiliza somo lote ukiwa umevaa spika za masikioni, kidole kwenye kitufe cha kusimamisha. Utakutana na maneno uliyorudia, "eeh" ndefu, kurasa zinazogeuzwa, mlango, na zile "si ndiyo?" na "tumeelewana?" tunazozitumia darasani. Darasani zina kazi yake, kwa sababu wanafunzi wanakujibu. Kwenye sauti iliyorekodiwa hakuna wa kujibu, kwa hiyo zitoe karibu zote, lakini acha chache ili usisikike kama taarifa ya habari. Toa pia kila kinachofunga somo na siku au mahali: "leo Jumanne", "kama nilivyosema slaidi iliyopita", "tutakayoiona slaidi ya 20". Ukija kuongeza slaidi moja katikati, namba zote hizo zitakuwa uongo.

Katika kukata kuna hatari ambayo mhariri wa sauti za Kiswahili anapaswa kuijua kuliko mwingine yeyote. Maneno yetu karibu yote huishia na irabu, mkazo unakaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na silabi ya mwisho wa sentensi hutamkwa kwa sauti inayofifia. Kwenye wimbi inaonekana kama mkia mdogo usio na maana. Mtu anaukata, au anaiachia programu ikate kimya yenyewe, na "maji mwilini" inakuwa "maji mwilin". Ukitumia amri ya kufupisha vimya, weka kiwango chake chini sana, kisha pima kwa sentensi tano kabla ya kuitumia kwenye somo zima. Mimi kwa masomo ya afya siitumii kabisa, nakata kwa mkono.

Herufi laini mwanzoni mwa neno zina hatari kubwa zaidi. Tuseme kwenye slaidi ya 19 ulisema hivi: "Antibiotiki… eeh… si tiba ya kila kuhara." Unataka kuitoa ile "eeh". Kwenye wimbi, "eeh" inaonekana nene na wazi. Baada yake kuna ukungu mwembamba unaofanana na pumzi, halafu inakuja "tiba". Ule ukungu ni herufi ya kwanza ya "si". Mlio wa "s" hauna nguvu kwenye wimbi, na "si" yote ni sehemu ndogo tu ya sekunde. Ukikata kwa macho, ukaanzia kwenye "eeh" hadi mwanzo wa lile wimbi nene linalofuata, umewafundisha wauguzi wako kwamba antibiotiki ni tiba ya kila kuhara. Hakuna kitakachokushtua, kwa sababu sentensi iliyobaki inasikika sawa. Ndivyo ilivyo pia kwa "ha" ya kukanusha: "hapewi" ikipoteza "h" yake, msikilizaji anasita akijiuliza kasikia nini. Kwa hiyo kila baada ya kukata, rudi sentensi mbili nyuma na usikilize hadi sentensi moja mbele, macho yakiwa kwenye maandishi yako na si kwenye wimbi. Kila penye dozi, umri au neno la kukanusha, sikiliza mara mbili. "Mtoto wa chini ya miezi sita anapewa zinki miligramu 10, aliyezidi hapo anapewa 20": sentensi ya namna hii haistahili kukatwa popote. Ikiwa umejikwaa ndani yake, irekodi yote upya.

Kuirekodi yote, narudia, si neno moja. Neno moja lililorekodiwa siku nyingine likipachikwa katikati ya sentensi hujitangaza lenyewe: kimo cha sauti ni kingine, umbali kutoka kipaza sauti ni mwingine. Na kiimbo cha kuorodhesha, kile kinachobaki juu kikisubiri kitu kingine, hakiwezi kugeuzwa kuwa cha kumaliza sentensi kwa kukata tu. Ukikata orodha ya dalili nne ikabaki tatu, msikilizaji atakaa akiisubiri ya nne.

Ukitoa kitu, usiweke kimya kitupu mahali pake. Hata baada ya kupunguza kelele, chumba chako bado kina mvumo wake mdogo. Ukiweka kimya cha kompyuta, mvumo unazimika ghafla na kuwaka tena sentensi inayofuata, na sikio linashika kuzimika huko haraka kuliko linavyoshika mvumo wenyewe. Nakili sekunde chache za chumba kikiwa kimetulia, uzihifadhi, na uzitumie kuziba kila pengo. Kila nusu itumie chumba chake. Pumzi nazo usizifute. Mtu asiyepumua anasikika vibaya. Zile kubwa zishushe tu desibeli sita au nane. Ukisikia kidoko mahali ulipokata, maana yake mawimbi mawili yamekutana yakiwa kwenye vimo tofauti: tendua, chagua tena sehemu ileile, bonyeza herufi Z ili mipaka ijisogeze hadi wimbi linapovuka sifuri, kisha kata.

Kiwango cha sauti ndicho kilichozifanya nusu zako mbili zitofautiane. Watu wengi hapa husawazisha vilele: wanapandisha kila sehemu hadi kilele kirefu kuliko vyote kifike mahali pamoja. Haifanyi kazi, kwa sababu kikohozi kimoja au mkono uliogonga meza ndio unaokuwa kilele, na maneno yanabaki chini. Pima ukubwa wa sauti jinsi sikio linavyousikia, kwa kipimo kinachoitwa LUFS. Watangazaji wa Ulaya walikubaliana juu ya LUFS -23 mwaka 2010, lakini hicho ni kiwango cha televisheni sebuleni. Mwanafunzi wako anasikiliza kwa simu, pengine ndani ya daladala. Mpe -18 hadi -16. Chagua nusu ya kwanza peke yake, iweke kwenye kiwango hicho kwa amri iitwayo "Loudness Normalization", kisha nusu ya pili vilevile, halafu weka kizuizi ili kilele chochote kisivuke desibeli -2. Kama ndani ya slaidi moja kuna mahali ulisogea mbali na kipaza sauti, tumia mkandamizo mwepesi wa tatu kwa moja, unaoshusha sauti kubwa ili ikaribiane na ndogo, kabla ya kupima. Kumbuka kwamba ukipandisha nusu ya pili, feni yake nayo inapanda. Ndiyo maana nimekutaka uishughulikie feni kabla ya kufika hapa.

Sasa ndipo tunagawa. Simama mahali slaidi ya kwanza inapoanza, bonyeza Ctrl na B, itatokea lebo, iandike "slaidi_01". Nenda inapoanza ya pili, "slaidi_02", hadi 32. Usiandike 1 na 2 bila sifuri mbele, la sivyo huenda kompyuta ikapanga 10 kabla ya 2 ukajikuta umeweka sauti ya tiba kwenye slaidi ya dalili. Kabla ya kila lebo acha sekunde moja ya chumba kilichotulia, na baada ya lebo nusu sekunde kabla ya neno la kwanza. Nusu sekunde hiyo ina kazi: baadhi ya spika za masikioni zisizo na waya hulala sauti isipopita, na zikiamka humeza silabi ya kwanza. Ukimaliza, amri ya kutoa mafaili mengi kwa mpigo itakata kwenye kila lebo na kukupa mafaili 32 yenye majina uliyoyaandika.

Toa seti mbili. Ya kwanza WAV, ya kuhifadhi, ndiyo utakayoirudia kila unapotaka kurekebisha. Ya pili MP3 au M4A, ya kuweka kwenye slaidi, mono, kilobiti 64 kwa sekunde. Kwa sauti ya mtu anayeongea hiyo inatosha, na dakika zako 41 zote zitakuwa chini ya MB 20 badala ya 434. Kwa mwanafunzi anayenunua bando la siku, hiyo ndiyo tofauti kati ya kulisoma somo na kuliacha. Usihariri MP3 kisha ukaihifadhi tena kama MP3, kwa sababu kila mzunguko unakula ubora. Na kama mwenzako atakurekodia slaidi fulani, asikutumie kwa WhatsApp kama ujumbe wa sauti, kwani hubanwa sana; alitume faili lake kama waraka.

Ukiwa na mafaili 32, yaliyobaki PowerPoint inayaweza. Weka kila faili kwenye slaidi yake, liamuru lianze lenyewe, ficha alama ya spika, na uache mwanafunzi asonge mbele kwa kubofya mwenyewe. Kuna wanaopenda slaidi zijigeuze. Kwa somo la kusoma peke yako siwashauri, kwani mwenye kuandika maelezo anahitaji muda. Ukilazimika, muda wa kugeuka uwe urefu wa sauti pamoja na sekunde moja. Kama slaidi ina vitu vinavyojitokeza kimoja kimoja, PowerPoint ya Windows inakuruhusu kuweka alama ndani ya sauti na kuamuru kitu kitokee sauti ikifika hapo. Tumia hii kwenye mchoro wa mtoto mwenye dalili: ukitaja macho yaliyobonyea, mshale uelekee machoni wakati huohuo, si sekunde tatu baadaye.

Dakika 41 kwa slaidi 32 ni wastani wa sekunde 77, na ni wastani mzuri. Ila utakuta slaidi moja au mbili zinavuta dakika nne, bila shaka ile ya hesabu za maji. Usihangaike kuifupisha sauti. Igawe slaidi yenyewe mara mbili au tatu na sauti ifuate.

Nikuambie pia jambo kwa ajili ya wakufunzi wenzako wanaorekodi moja kwa moja ndani ya PowerPoint. Huko sauti hurekodiwa slaidi kwa slaidi, na wakati slaidi inageuka haichukui chochote. Anayeongea huku anabofya hupoteza maneno, na hayarudi kwa uhariri wowote. Anyamaze, abofye, slaidi itulie, ndipo aendelee. Na kama wamekwisha kurekodi na wanataka kusafisha sauti, wanakili lile faili la PPTX, wabadilishe mwisho wa jina lake kuwa ZIP na walifungue. Ndani ya folda ya "ppt" kuna folda ya "media", na sauti zote zimo humo. Namba zake hazifuati mpangilio wa slaidi kila mara, kwa hiyo wasikilize kabla ya kuzipa majina. Zikiwa M4A, Audacity kwenye Windows itahitaji kuongezewa maktaba ya FFmpeg ili izifungue.

Kuhusu muziki: usiweke. Aliyekushauri alikutakia mema, lakini jambo hili limepimwa. Roxana Moreno na Richard Mayer walichapisha mwaka 2000 majaribio ya masomo mafupi yenye michoro na maelezo ya sauti, moja kuhusu jinsi radi inavyotokea na jingine kuhusu breki za gari. Waliowekewa muziki nyuma ya maelezo walikumbuka machache na walishindwa zaidi kutumia walichojifunza kutatua maswali mapya. Sikio linalomfuatilia mwalimu halina nafasi ya kufuatilia kinanda. Na kwako kuna sababu nyingine: kwenye spika ya simu muziki na feni vitachanganyika vikawa kelele moja. Wakichoka, dawa ni slaidi fupi na swali la kujipima kila baada ya tano au sita. Dawa nyingine ni kutoisoma slaidi neno kwa neno. Kama slaidi imebeba sentensi zilezile unazozitamka, punguza maandishi yabaki maneno machache na mchoro. Maelezo kamili yaweke kwenye faili la maandishi litakaloambatana na somo; litamfaa mwanafunzi mwenye shida ya kusikia, na pia yule asiyeweza kufungulia sauti akiwa wodini.

Kabla ya kuwapa darasa zima, chukua simu ya bei nafuu ya mwanafunzi mmoja, si yako, ulifungue somo humo. Programu nyingine za simu zinaonyesha slaidi bila kucheza sauti, na ni heri ulijue mapema ili upandishe somo kwenye Moodle ya chuo (mfumo wa masomo ya mtandaoni), kama ipo, kwa muundo mwingine. Sikiliza slaidi tatu kwa spika ya simu tupu, feni ya chumbani ikiwaka. Ukisikia kila dozi bila kusogeza simu sikioni, kiwango chako kiko sawa.

Zimebaki slaidi tatu za mvua. Hizo, mwalimu, zirekodi upya. Mvua juu ya mabati haifanani na feni; inabadilika kila sehemu ya sekunde na imeenea kwenye masafa yaleyale ya sauti yako, kwa hiyo chochote kitakachoipunguza kitapunguza na wewe. Chagua saa iliyotulia, na chumba chenye kitanda, mapazia na nguo zinazoning'inia, maana vitambaa humeza mwangwi ambao ofisi yenye sakafu tupu huurudisha. Zima feni kwa dakika hizo chache. Weka kipaza sauti shubiri moja kutoka mdomoni, kidogo pembeni ili pumzi ya "p" na "b" isikipige. Kabla ya kuanza, sikiliza slaidi ya 29 yote mara mbili, kisha isome sentensi yake ya mwisho kwa sauti mpaka kasi na kimo vikae palepale, na uingie moja kwa moja kwenye slaidi ya 30 bila kusimamisha. Ile sentensi ya 29 utaikata baadaye. Acha sekunde tano za chumba kitupu mwishoni, maana hizo slaidi tatu nazo zitahitaji mvumo wao wa kuzibia mapengo.